Mama Mkwe Kutoka Kambini

Nimeigiza mbuzi mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na mpaka leo naona nilionewa. Kosa langu lilikuwa moja tu: siwezi kusikia Kiswahili kinavunjwa nikanyamaza. Bibi yangu mzaa baba alifika Tororo kutoka Mombasa pamoja na reli, akaja na ulimi wake, na nyumbani kwetu mtoto aliyesema "kitu yangu" hakupewa chai mpaka aseme "kitu changu". Sasa nichukue mimi, nitie katika kikundi cha maigizo ambacho nusu ya watu wanasema mimi nakwenda, wewe nakwenda, yeye nakwenda, kitenzi kimoja kwa walimwengu wote, halafu uniambie nitulie. Nitatuliaje?

Kikundi chenyewe kilizaliwa stoo. Baba alikuwa msafirishaji mwenye lori moja, na nyuma ya duka letu karibu na soko la Tororo kulikuwa na stoo kubwa. Miaka ile ya utawala wa jeshi lori lilisimama kwa kukosa matairi, na stoo ikabaki tupu kwa kukosa kila kitu kingine. Sukari ilikuwa hadithi. Chumvi ilipita njia za panya kutoka ng'ambo, Kenya, na ilikwisha kabla hujasikia imefika. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sijaolewa, nauza viberiti kwenye rafu tupu. Jumapili alasiri watu walikaa ndani kusikiliza kama kuna gari linapunguza mwendo nje. Wallahi, nilikuwa karibu kupasuka.

Aliyetutoa huko ni katekista mmoja wa Kikatoliki, mkulima wa upande wa Mwello, aliyezoea kuwaigizisha waumini wake mateso ya Pasaka. Siku moja alikuja kununua kiberiti, akachungulia nyuma, akamwambia baba, "Mzee, chumba hii nalala bure?" Nikadakia, "Chumba hiki kinalala." Akanitazama vizuri, akacheka, akaendelea na baba kana kwamba nimekohoa. Jumapili iliyofuata alikuja na watu.

Hatukuandika kitu. Mchezo ulioandikwa ulitaka kibali, na karatasi ikikutwa mfukoni mwako kwenye kizuizi cha barabarani, huwezi kuikana. Kwa hiyo tuliigiza papo kwa papo. Watazamaji walikaa kwenye magunia, mmoja akapaza sauti kutaja jambo, "Harusi iliyokosa nyama!", na sisi tukaingia katikati bila kujua tutasema nini. Sheria ya kwanza ya katekista ilikuwa kupokea. Mgeni akifika kwako na mzigo kichwani humsimamishi mlangoni kumuuliza kuna nini ndani. Unampokea mzigo, anakaa, habari zinafuata. Katika mchezo ni vivyo hivyo. Mwenzako akikuita babu, wewe ni babu, hata kama umesuka nywele. Akisema mvua inanyesha, unalowa. Sheria ya pili ilitungwa kwa ajili yangu: anayesahihisha Kiswahili cha mwenzake, mchezo unaofuata yeye ni mbuzi. Tena si mbuzi wa maana. Ni mbuzi aliyefungwa pembeni, kazi yake kulia akitajwa.

Sitaki kusema kwamba tulipendana. Waislamu wa mjini tuliwaona wakulima wanachelewa na wananuka moshi. Wakulima walituona tuna maringo na tunapunja kwenye mizani. Wengine walikuwa Wateso, wengine Wasamia, na wa Mwello walinong'onezana kwa lugha yao, Kidhopadhola, kila walipotaka kutucheka. Lakini katekista alikuwa mjanja. Wakati wa sala ya alasiri ukifika, mchezo ulisimama hata kama bwana harusi amepiga magoti. Na kata ya pombe katika mchezo ilikuwa tupu siku zote, kwa hiyo Mwislamu angeweza kulewa bila dhambi. Lo! Shangazi yangu, ambaye hajawahi hata kunusa pombe, alikuwa mlevi bora kuliko wote. Alianguka vizuri sana. Wakulima walitoka Mwello kwa baiskeli kuja kumtazama anavyoanguka.

Pamoja nao alikuja mama mmoja, amekaa ubavu nyuma ya baiskeli ya katekista, wanafika vumbi tupu. Tulimwita Mama wa Mwello. Alilima mtama na mihogo, alikuwa na watoto wadogo watatu, na Kiswahili chake alikiokota mahali pawili: sokoni na kwenye vizuizi vya wanajeshi. Hapo ndipo utaelewa. Kiswahili kwetu Uganda kilikuwa lugha ya bei na lugha ya bunduki, na yeye hakuwa na cha tatu. Siku ya kwanza alipewa kuigiza mke anayempokea mumewe kwa mapenzi baada ya safari. Alisimama, akafikiri, akatafuta maneno matamu kichwani mwake, halafu akanyoosha mkono: "Wewe! Simama hapo! Toa kipande! Lala chini!"

Watu walicheka mpaka magunia yakapasuka. Yeye alisimama katikati, hajui tunacheka nini, maana kwa kweli alikuwa amesema yote aliyoyajua. Nami nilicheka, halafu katikati ya kicheko nikaacha. Nikamfuata baadaye, nikamfundisha kusema "karibu, mume wangu, pole na safari." Katekista alisema hilo nalo ni kusahihisha. Nikawa mbuzi.

Kumbe mama yule hakuwa na mume wa kumwambia. Mumewe alikuwa karani wa gombolola, yaani ofisi ya tarafa, huko kwao. Mtu mmoja mwenye chuki alimtaja kwa watu wa usalama, na kabla hawajamfikia alivuka mpaka kwa miguu, akajificha Busia. Busia ni mji mmoja uliokatwa katikati, huku Uganda, kule Kenya, jina moja pande zote. Alijificha upande wa Kenya. Mke aliwaambia majirani kwamba bwana amekwenda Busitema kumlimia mjomba wake, na akatembea na uongo huo kichwani kila siku, sokoni, kanisani, kisimani. Ingejulikana kwamba mume ametoroka nchi, wangekuja kumchukua yeye awe dhamana. Tena Busia yenyewe haikuwa mbali kitu. Waliotaka mtu walivuka wakamchukua huko huko.

Nililijua hilo kwa sababu ya utingo wa lori letu. Lori liliposimama, yeye alijifanyia biashara yake ya chumvi. Alikuwa Msamia, ana ndugu pande zote mbili za mpaka, na ndiye aliyekuwa akipeleka na kuleta salamu za mume na mke, kwa mdomo tu. Naye alikuwa mwigizaji wetu. Kwa hiyo tuliojua ni watatu: mwenyewe, utingo, na mimi. Na mimi ni mtu ambaye hawezi kushika hata kijiko kwa utulivu. Kila baiskeli ya katekista ilipochelewa nilikwenda mlangoni na kurudi, mlangoni na kurudi, mpaka shangazi akasema ananifungia kwenye nguzo.

Basi Jumapili moja, katikati ya mchezo, tukasikia hodi.

Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Alikuwa mwanajeshi, amevaa magwanda kamili, kofia mkononi. Nikawaonyesha wenzangu kwa ishara. Kila mtu aliganda alivyokuwa. Shangazi alikuwa chini, amelewa, akabaki chini. "Hodi," akasema tena. Kimya. "Hodi." Kimya. Tukasikia buti zinaondoka.

Jamani, tulishangaa! Miaka ile askari hawakupiga hodi. Walipiga mlango. Jumapili ya pili akaja tena, akapiga hodi zake tatu kama alivyofundishwa kwao utotoni, hakujibiwa, akaenda zake. Hapo tukagombana. Mimi nilisema tufunge kikundi. Utingo alisema tuhamie Malaba, kule malori yanapanga foleni, hakuna atakayetugundua katikati ya makelele. Shangazi alisema huyo anatupima, siku ya tatu anakuja na wenzake. Katekista alikuwa ameshika tama.

Jumapili ya tatu hodi ikaja, na kabla ya ile ya pili, sauti ya mwanamke ikaitika kwa nguvu, "Karibu!"

Ni Mama wa Mwello. Yeye! Mwenye mume Busia! Nilimrukia, nikamshika mkono, nikamnong'oneza, "Mama, umefanya nini? Mama!" Akaniondoa vidole kimoja kimoja. "Mtu napiga hodi mara ngapi?" akasema. "Wewe nanyamaza, yeye nafikiri tunaficha kitu. Na mimi nachoka kuficha." Halafu akaenda kufungua mlango mwenyewe.

Nilikasirika vibaya sana. Nakumbuka nilikwenda kusimama nyuma ya duka nikang'ata upindo wa kanga. Ukarimu gani huu wa kukaribisha kisu? Niliporudi, mwanajeshi alikuwa amekaa kwenye gunia mstari wa mbele, peke yake, kwa maana watu wote walikuwa wamesogea. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba. Katekista alimuuliza anataka nini. Akasema, "Mimi napiga tarumbeta kwa bendi ya kambi. Nasikia watu nacheka hapa. Kule kambini watu nacheka, lakini hapana cheka vizuri."

Nusu ya watazamaji hawakurudi wiki iliyofuata. Waliobaki walicheka kwa adabu, jambo linaloua mchezo kuliko risasi. Katekista aliniambia kukaribisha ni rahisi ukimkaribisha unayempenda. Nikamwambia aende akahubiri kanisani. Lakini sheria ni sheria; mwanajeshi alikuwa amepokewa, na aliyepokewa anaigiza.

Na alijua kuigiza, mwanaharamu yule. Siku yake ya kwanza alijifunga kanga ya shangazi kichwani, akainama kidogo, akaweka mkono kiunoni, na mbele yetu akasimama mama mkwe. Si mwanamume anayemdhihaki mama mkwe. Mama mkwe mwenyewe, anayepitisha kidole kwenye ukingo wa sufuria kutafuta masizi. Shangazi, aliyeapa hatacheka, alicheka mpaka akalia. Kuanzia hapo hakutaka sehemu nyingine. Siku moja mtazamaji mgeni, asiyemjua, alipaza sauti, "Tupeni askari wa kizuizini!" Tukatazamana. Yeye akatikisa kichwa. "Hapana. Hiyo nacheza kila siku."

Miezi ikapita. Watu walianza kurudi. Mimi sikutulia. Alipocheka nilitazama macho yake kama nayo yanacheka. Alipouliza swali la kawaida, "Habari ya shamba?", nilisikia swali lingine chini yake. Mama wa Mwello ndiye aliyekuwa hana habari. Alimletea mihogo ya kuchemsha, akamgombeza kwa kukonda. Katika mchezo yeye alikuwa mke na mwanajeshi alikuwa mama mkwe, na walipambana vizuri mno mpaka watu wakawa wanawaomba kwa majina hayo: leo tupeni mkwe na mkwe.

Ndipo ikaja Jumapili ile. Stoo imejaa. Mzee mmoja muuza tumbaku akapaza sauti: "Mume aliyelala nje!" Watu wakashangilia. Lilikuwa jambo la mzaha, tulishaliigiza kwa namna nyingi: mume kwenye pombe, mume kwenye mti, mume kwenye banda la kuku. Mama wa Mwello akakaa chini kupepeta mtama usiokuwapo. Mwanajeshi akajifunga kanga, akaingia. Mimi nilikuwa mbuzi, nimefungwa pembeni kwa kosa la mchezo uliotangulia.

"Mkwe," akasema mwanajeshi, "nafika kutoka mbali. Mwanangu iko wapi?"

"Hayuko."

"Hayuko! Nalala wapi?"

Mama wa Mwello alikuwa amezama. Mikono ilikuwa inapepeta, mtama unaruka, yuko nyumbani kwake. Na swali lile alikuwa akiulizwa kila siku kwa mwaka mzima, analijibu kwa uongo. Hapo, kwenye mchezo, mahali ambapo hakuna kitu cha kweli, ukweli ukamtoka kama mtu anayetua kuni.

"Nalala Busia," akasema. "Ng'ambo. Nyumba ya mabati, nyuma ya soko ya ng'ombe."

Mikono ikasimama. Niliona anavyokisikia alichokisema. Utingo kule nyuma alifunika uso. Stoo yote ikanyamaza, kwa sababu hata wasiojua lolote walijua kwamba hilo halikuwa jibu la mzaha: mahali pana mabati, pana soko. Na mama mkwe mwenye kanga kichwani alikuwa ni mwanajeshi wa kambi ya Tororo, na yeye ndiye aliyeuliza.

Sijui nilifikiri nini. Sikufikiri. Kile kitenzi chao nilichokichukia maisha yangu yote kilining'inia mbele ya pua: nalala. Nani nalala? Kwa kinywa cha Mama wa Mwello, yeye nalala. Kwa kinywa cha bibi yangu, mimi nalala. Nikaruka na kamba yangu ya mbuzi shingoni, nikapiga kelele, "Ala! Unalala Busia? Wewe? Mke wa watu? Mkwe wako anamuuliza mwanawe, kumbe wewe ndiye unayelala nje, tena ng'ambo, tena kwenye mabati! Na hapa nyumbani nani anapika?"

Mtu mmoja akacheka, kwa uoga. Mama wa Mwello alinitazama mdomo wazi. Nami nilimtazama mwanajeshi, maana sasa mzigo ulikuwa mikononi mwake. Kwao kambini wanasema kama anavyosema Mama wa Mwello. Alijua vizuri sana neno lile lilikuwa la nani. Tulitazamana, na nakuapia kwamba sijawahi kuogopa macho ya mtu kama nilivyoyaogopa yale.

Halafu akapiga paja. "Uuui! Mke nalala Busia! Kumbe mwanangu ndiyo napika! Masikini mwanangu, iko wapi? Iko jikoni!" Akakimbilia pembeni kumtafuta mwanawe jikoni, akamtoa katekista, akamfunga kanga kiunoni, na stoo ikalipuka kwa vicheko. Mchezo uliendelea mpaka jua likaelekea kuzama. Mama wa Mwello aliigiza mwanamke mtembezi kwa ustadi mkubwa huku jasho likimtiririka. Mimi nilirudi kwenye kamba yangu pembeni.

Wiki ile sikulala, sikula. Nilimwambia Mama wa Mwello avuke mpaka na watoto. Akasema mtama umekaribia kuvunwa na mtoto mdogo ana homa. "Na nikikimbia," akasema, "si ndiyo nasema kweli?" Nilimwambia amfikirie mumewe. Hapo alinikasirikia, na ilikuwa mara ya kwanza. "Mimi namfikiria toka kabla wewe najua yeye!" Sikumsahihisha.

Alhamisi asubuhi mwanajeshi akaingia dukani. Alikuwa kwenye magwanda. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na kwenye benchi alikuwako mteja nisiyemjua, mwanamume mwenye viatu vizuri mno kwa mtu asiyenunua kitu. Mwanajeshi aliuliza chumvi. Nikasema hakuna. Akauliza sabuni. Hakuna. Akachukua kiberiti, akakigeuza geuza, kisha akaweka mkono kiunoni, kidogo tu, na sauti ikapanda, ikawa ya mama mkwe.

"Mwambie mkwe wangu," akasema. "Pale kwa mabati hapana zuri. Leo nahama. Leo leo, jua hapana zama."

Yule wa viatu vizuri akainua uso. "Afande, nahamia wapi?"

"Jinja," akajibu mwanajeshi bila kugeuka. "Bendi nakwenda Jinja." Akatoka.

Nahama. Mimi nahama, yeye nahama. Mteja alisikia moja, nami nikasikia lingine. Nilikaa na uso wa mtu anayehesabu viberiti mpaka mgeni akaondoka, halafu nikatoka mlango wa nyuma mbio, kanga mkononi. Utingo nilimkuta anaziba pancha. Nilimwambia maneno yale yale, na kabla sijamaliza alikuwa ameshapanda baiskeli. Hakupita barabara kuu ya Busitema, kwenye kizuizi. Alipita vijia vya ndani, upande wa Mwello, kwenye mashamba ya watu.

Alirudi kesho yake mchana, midomo imekauka. Alimtoa mume kabla ya magharibi, ndugu zake wakamsafirisha mbali, ndani kabisa ya Kenya, kwa mjomba wa mjomba wake. Usiku ule ule watu walivuka kutoka huku na gari, wakavunja mlango wa nyumba ya mabati, wakakuta kitanda. Nani kati ya watu wa stoo aliyepeleka habari, hatukujua kamwe. Mume yule aliishi. Serikali ile ilipoanguka alirudi kwa miguu kama alivyoondoka, ameota mvi, na mtoto wa mwisho alimkimbia akidhani ni mwizi. Nilikuwapo. Nilimsikia mkewe akimwambia, kwa Kiswahili changu, "Karibu, mume wangu, pole na safari," ingawa wao wawili wana lugha yao wenyewe tangu kuzaliwa. Nililia bila aibu.

Lakini hayo yalikuja baadaye sana. Jumapili iliyofuata mkasa ule, tulisubiri. Katekista hakuanza mchezo. Tulikaa, watu wakajaa, mzee wa tumbaku akadai mkwe na mkwe. Mwanajeshi hakuja. Wiki ya pili hakuja. Bendi haikuwa imekwenda Jinja. Tuliisikia ikifanya mazoezi kambini, upepo ukiwa wa upande wetu. Shangazi alisema tarumbeta zimepungua sauti moja. Sijui alijuaje. Pengine hakujua, alisema tu, lakini baada ya hapo nami niliisikia ile iliyokosekana.

Nilisema tusiulize. Atakayeuliza habari zake ndiye atakayemmaliza, kama bado yupo. Utingo alikubali, katekista alikubali, na wote tulikuwa na akili. Jumatatu Mama wa Mwello alikuja mjini kwa miguu, peke yake, sufuria imefungwa kwa kitambaa kichwani: kuku, na ugali wa mtama. Alipita dukani kwetu bila kusimama. Nilimfuata. Nilimwambia arudi, nikamvuta, nikamtukana hata. Alitembea tu.

Langoni mwa kambi nilishindwa, nikabaki ng'ambo ya barabara, nyuma ya mti wa mvule, nina hasira na hofu, sijui ipi ni ipi. Yeye alikwenda mpaka kwa mlinzi, akamwamkia, akatua sufuria chini.

"Nakuja kuona mtoto yangu," akasema. "Napiga tarumbeta."

"Jina lake nani?"

Hapo nilifumba macho. Hatukulijua. Miezi yote ile tulimwita afande, tulimwita mama mkwe. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu jina ni kitu ambacho ungeweza kulazimishwa kulitoa. Mama wa Mwello aliinama akakaza fundo la kitambaa. Mlinzi alikuwa kijana, bunduki inamzidi, akarudia swali kwa ukali.

"Basi," akasema Mama wa Mwello, akaisogeza sufuria miguuni pa mlinzi, "patia mtu yoyote huko ndani, ile mama yake hapana kuja."

Akageuka, akavuka barabara, akanipita. Mimi sikuweza kuondoka. Mlinzi alitazama huku, akatazama kule, akatazama nyuma ndani ya lango. Kisha akaegemeza bunduki ukutani, akachuchumaa, akafungua kitambaa, akaanza kula.